Mafuta ya stelingi yaliyokuwa yakipotea bila kuvuja: kisa cha Corolla ya Mwalimu

Gari lilikuja na daftari lake. Nimeshapokea magari yenye kuku kwenye buti, na magari yenye magunia ya korosho hadi kiti cha mbele, lakini lenye daftari lilikuwa la kwanza. Mwenyewe ni mwalimu wa sekondari, anaishi Mikindani na anafundisha hapa Mtwara mjini. Alikuwa amepiga mistari kwa rula: tarehe, kilomita, mafuta yaliyoongezwa, gereji, alicholipa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Leo sijaja kutengeneza, fundi. Nimekuja unisomee hiki."

Nikafuta mikono, nikasoma. Kwa miezi mitano Corolla yake, ile ya toleo la 110 ya petroli, ilikuwa imeongezewa mafuta ya stelingi chupa saba za nusu lita. Piga hesabu: lita tatu na nusu. Mfumo mzima wa stelingi wa gari dogo kama lile unachukua kama lita moja tu. Kwa maneno mengine gari lilikuwa limekunywa mfumo wake mara tatu na zaidi, na sakafuni kwake nyumbani, alivyoniapia, hakuna doa.

Safu ya gereji ilikuwa na mistari minne. Ya kwanza waliongeza mafuta, wakamwambia usukani mzito ni kawaida ya gari la umri ule. Ya pili walibadilisha reki, kile chombo kinachogeuza matairi, kwa kumwekea ya mtumba, laki mbili na nusu. Mstari wa tatu ulikuwa wangu mimi: "klipu ya mpira, 15,000." Nikaukumbuka ule mchana. Gari lilikuwa limelowa kidogo kwenye mpira wa marejeo, nikakaza klipu mpya, nikajaza kikombe, nikamwambia limepona. Sikuuliza swali hata moja. Ya nne ndiyo iliyomtoa usingizini: walimwambia gari linatoa moshi kwa sababu ringi za pistoni zimekwisha, injini ishushwe, laki nane bila spea.

Kwa asiyejua mfumo ulivyo, ni hivi. Mkanda unaovutwa na injini unazungusha pampu. Pampu inanyonya mafuta kutoka kwenye kikombe chake, inayasukuma kwa presha kali kupitia bomba gumu hadi kwenye reki, ambako yanamsaidia dereva kusukuma matairi, kisha yanarudi kikombeni kwa mpira wa marejeo. Basi. Ni mduara uliofungwa. Mafuta hayo hayachomwi kama petroli, na hayapungui kidogo kidogo kama oili ya injini iliyozeeka. Yakipungua, yametoka nje. Kila fundi anajua hivyo, nami nilijua hivyo, na neno "nje" ndilo lililotupoteza wote wanne, maana kwa fundi nje ni sakafuni. Tulikuwa tunachungulia chini ya gari.

Nikamwuliza Mwalimu swali nililotakiwa kumwuliza mara ya kwanza: moshi unautoa saa ngapi?

"Nikikata kona," akasema. "Nimewaambia wote. Wananicheka."

Nikamwomba aeleze taratibu. Gari huwa analiegesha chini ya mwembe wa shule, pua ikiwa imeelekea ukutani. Jioni akitoka hulazimika kurudi nyuma huku ameukunja usukani mpaka mwisho, kwa sababu nyuma kuna mtaro. Hapo ndipo moshi mweupe wenye kaubluu unapojaa, mpaka mlinzi wa getini anafunika pua kwa kofia. Akishanyoosha na kushika barabara ya Mikindani, kwenye kioo haoni kitu. Mwisho wa mwezi anakwenda Masasi kwa wazazi, safari ya saa kadhaa, na njia nzima bomba ni safi. Akifika na kuanza kulipanga gari uani, moshi.

Sasa fikiria. Ringi zilizokwisha hazijui kama usukani umekunjwa au umenyooka. Gari la ringi linatoa moshi ukikanyaga mafuta, mlimani ndiyo kabisa, na oili ya injini inashuka. Sili za valvu, vile vijimpira vya kuzuia oili isipenye, zikichoka, moshi unakuja asubuhi ukiwasha, au ukiteremka mlima mrefu kisha ukakanyaga. Nikachomoa kijiti cha oili: imesimama kwenye alama ya juu. Nikarudi kwenye daftari. Oili ilibadilishwa kila kilomita 5,000, na katikati hapo hapakuwa na hata mara moja ya kuongeza. Injini inayochoma oili ya kutosha kumfukuza mlinzi haiwezi kubaki na oili kamili. Kuna kitu kingine kilikuwa kinachomwa, na kwenye daftari kulikuwa na kitu kimoja tu kilichokuwa kinapotea.

Nitakuwa mkweli, hapo hapo jibu halikunijia. Nilichokuwa nacho ni mashaka. Nikamwomba aniachie gari siku tatu, yeye apande daladala.

Siku ya kwanza ilikuwa ya usafi tu. Nilisafisha pampu, mabomba, mipira na reki kwa mafuta ya taa, nikakausha kwa upepo wa kompresa. Halafu nikatuma dogo dukani akanunue poda ya mtoto. Alidhani namtania. Poda unaipuliza juu ya maungio yote, kwenye klipu, kwenye mipira ya mikunjo ya reki. Ikiguswa na tone la mafuta inabadilika rangi, hata kama uvujaji ni mdogo kiasi cha kukauka kabla haujafika chini. Ni kipimo cha bei ya soda, na kinaona kuliko macho yangu yenye mazoea. Chini ya injini nikatandika boksi la biskuti nililolifungua. Kwenye kikombe cha mafuta nikabandika kipande cha tepu pale usawa ulipokuwa, gari likiwa limepoa. Hili la kupoa msilidharau. Mafuta ya moto yanatanuka, ndiyo maana kikombe kina alama mbili, ya baridi na ya moto. Ukipima leo asubuhi na kesho mchana umejidanganya mwenyewe.

Siku ya pili nililiendesha mwenyewe, Mtwara mjini hadi Mikindani na kurudi, nikaliegesha mara kumi na tano uani kwa gereji, nakunja kushoto, nakunja kulia. Majirani waliuliza kama najifunza udereva. Moshi ulitoka kama Mwalimu alivyosema. Asubuhi ya siku ya tatu, injini ikiwa baridi, mafuta yalikuwa chini ya tepu kwa upana wa kidole. Boksi la biskuti kavu. Poda ilikuwa imekaa vile vile, nyeupe kama shingo ya mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Kabla ya kuendelea nikapima kompresheni, yaani presha ya ndani ya silinda, silinda moja baada ya nyingine, kwa sababu sikutaka kumwambia mtu kwamba ringi zake ni nzima kwa kuhisi tu, kama yeye alivyoambiwa kwa kuhisi kwamba zimekwisha. Zote nne zilisoma kati ya psi 170 na 180. Injini ya laki nane haikuwa na ugonjwa wowote.

Basi nikakaa mbele ya pampu na tochi.

Nyuma ya pampu ya stelingi ya Corolla nyingi za umri ule kuna kipande cha chuma chenye pembe sita, kimekazwa kama nati kubwa. Kimechomoza vijibomba viwili, na kila kimoja kimevishwa kijimpira chembamba. Wengi tunakipita. Ukifuata ile mipira kwa kidole, haiendi kwenye reki wala kwenye kikombe. Inapanda juu, kwenye injini: mmoja unakwenda kwenye njia ya hewa inayotoka kwenye chujio, mwingine unaingia kwenye manifodi, yaani bomba linalogawia silinda hewa, ng'ambo ya mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali.

Kazi yake ni ya busara. Ukikunja usukani gari limesimama, pampu inafanya kazi ngumu na inaielemea injini, injini inataka kuzima. Ile presha ya mafuta inasukuma kidude kilichomo ndani ya kipande hicho, ambacho ni valvu, njia ya hewa inafunguka, hewa kidogo inapita pembeni bila kuomba ruhusa ya pedali, na sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga pedali, inapanda kidogo. Ukinyoosha usukani, valvu inafunga. Kwa hiyo upande mmoja wa valvu kuna mafuta yenye presha, upande wa pili kuna hewa ya injini, na kati yao kuna sili ndogo. Sili hiyo ina umri sawa na gari.

Nikachomoa mpira unaokwenda manifodi, nikauinamisha juu ya kiganja. Mpira wa hewa unatakiwa uwe mkavu ndani kama filimbi. Ukatoa mafuta mekundu yaliyoiva kuelekea kahawia, yakatiririka mpaka kwenye saa yangu.

Hiyo ingetosha, lakini nilitaka kuliona likitendeka. Nikaziba mipira yote miwili ili injini isinyonye hewa ya ovyo, nikaviacha vijibomba vya valvu wazi, nikamwambia dogo awashe. Usukani katikati: hakuna kitu. "Kunja kulia." Kwenye mdomo wa kijibomba likachungulia tone, likavimba, likaning'inia, likadondoka juu ya boksi. La pili. La tatu. "Nyoosha." Likaganda pale pale bila kudondoka. "Kunja." Likadondoka. Tukarudia mpaka dogo akaanza kucheka, na kule nyuma bomba la moshi lilikuwa safi muda wote, maana sasa injini hailishwi tena. Nikampigia simu Mwalimu, nikageuza kamera, akaliona tone lake lililomla chupa saba.

Na hapo ndipo habari ya mwembe inapoeleweka. Gari likiwa kwenye sailensa mlango wa hewa umefungwa karibu wote, kwa hiyo manifodi inavuta kwa nguvu, inatafuta hewa popote. Ukikunja usukani mpaka mwisho wakati huo huo, presha ya mafuta ndiyo iko juu kabisa. Huku kunasukuma, kule kunavuta, sili mbovu katikati. Mafuta yanaingia injini, yanachomwa, yanatoka kama moshi. Ukishanyoosha barabara ya Masasi, pampu haina kazi, presha imelala, hakuna kinachopita. Mwalimu alikuwa ametuambia ugonjwa wote kwa maneno mawili tangu siku ya kwanza.

Matengenezo yenyewe yalikuwa madogo kuliko uchunguzi. Maduka ya spea hapa mjini valvu peke yake hawakuwa nayo. Wawili waliniambia ninunue pampu nzima. Pampu ilikuwa haina kosa lililothibitika, kwa nini nimnunulishe? Nikaagiza valvu ya mtumba kutoka Gerezani, Dar, ije kwa basi. Ilipofika sikuifunga kabla ya kuipuliza: ikiwa haina presha lazima iwe imefunga, ukipuliza kijibomba kimoja hewa isitokee kwa pili. Ya kwanza waliyoniletea ilipitisha. Ikarudi na basi la jioni. Ya pili ilishika.

Katikati ya kusubiri Mwalimu alihitaji gari, na hapa niseme kuhusu kuziba, kwa sababu mafundi wengi huziba na kuacha hivyo milele. Kuziba kunawezekana. Lakini uzibe sehemu nne: mipira miwili kwa juu, vijibomba viwili kwa chini. Ukiziba mipira tu, mafuta yaliyokuwa yanaingia injini yatamwagikia nje ya pampu na kwenye vilivyo chini yake. Ukiziba vijibomba na kuusahau mpira wa manifodi, injini inanyonya hewa isiyopimwa, sailensa inapanda na kushuka kama inapumua kwa pumu, na mwenye gari atauziwa sensa ambayo haijaharibika. Na hata ukiziba sawasawa, ule msaada wa hewa umeuondoa. Nilimwambia Mwalimu: ukiegesha, zima AC kwanza, na kama injini inaelekea kuzima iongezee mafuta kidogo. Ilimzimia mara moja, sokoni, mbele ya bodaboda. Aliniambia kwa sauti ambayo nadhani huwa anaitumia kwa kidato cha pili.

Baada ya valvu kukaa, yalibaki mafuta. Yaliyokuwamo yalikuwa yamechanganyika chupa za kila duka, rangi ya chai ya rangi iliyokaa usiku kucha, na yalinuka kuungua, kwa sababu mara kadhaa kikombe kilishuka mpaka pampu ikanyonya hewa. Kifuniko cha kikombe kinataja ATF ya Dexron, yaani mafuta ya gia za otomatiki. Hiyo ndiyo niliyoweka. Nimeshakuta watu wameweka mafuta ya breki humu, na hayo yanalegeza sili zote za mfumo, halafu badala ya tone moja una matone matano. Kuyabadilisha si kazi: unainua mbele kwa jeki na kuweka stendi, unachomoa mpira wa marejeo na kuuingiza kwenye chupa, unaziba pale ulipotoka kwenye kikombe, kisha mmoja anazungusha usukani upande hadi upande injini ikiwa imezimwa na mwingine anaongeza mafuta mapya bila kuruhusu kikombe kikauke. Yakitoka mekundu safi, rudisha mpira.

Kutoa hewa ndiko watu wanakokuwa na haraka. Bado umezima injini, zungusha mwisho hadi mwisho polepole, mara kumi, mara ishirini, angalia kikombe. Mapovu yatapanda na usawa utashuka, ongeza. Hapo ndipo uwashe, na urudie kwa sailensa. Ukiwasha mapema pampu inayapiga mafuta na hewa mpaka yanakuwa povu kama tui lililochemka, na povu hilo litachukua saa nzima kutulia. Na usukani usiushikilie mwishoni. Sekunde chache, uachie. Pale mwishoni mafuta hayana pa kwenda, yanazunguka ndani ya pampu na kupata moto. Ile sauti ya kunguruma unayoisikia ni pampu inayolalamika, hata gari lisilo na ubovu linafanya hivyo.

Mkanda wake nao ulikuwa umeanza kung'aa upande wa ndani, na kung'aa ni kuteleza. Nikaubadilisha. Kama unataka kujua kelele ni ya mkanda au ya pampu: mkanda unapiga kelele nyembamba ya ghafla, "kiii," ukikunja tu, pampu yenye hewa au mafuta pungufu inaguna, na mgunu unapanda na kushuka na mzunguko wa injini. Ya Mwalimu ilikuwa na zote mbili.

Aliponilipa aliuliza kuhusu laki mbili na nusu za reki. Swali halali. Sikuwa na jibu la kumridhisha: reki ya zamani hakupewa, kwa hiyo hakuna wa kuapa kama ilikuwa nzima au mbovu. Huenda ilikuwa inavuja pia. Ninachojua ni kwamba baada ya reki mpya daftari linaonyesha chupa zinaendelea kwa mwendo ule ule, na kwangu chombo kilichobadilishwa bila hesabu kubadilika hakikuwa chenye kosa, au hakikuwa peke yake. Wale wa ringi siwaiti wezi. Magari tisa kati ya kumi yanayokuja na moshi wa namna ile huwa ni ringi au sili za valvu, na mtu akishaona tisa, la kumi halitazami. Nami klipu yangu ya 15,000 niliirudisha. Hakuiandika kwenye safu ya alicholipa. Alichora safu mpya.

Jambo moja dogo, kwa sababu watu wataniuliza. Si kila gari lina valvu hii. Toyota nyingi zilizofuata zina swichi ya umeme kwenye bomba la presha, inayoiambia kompyuta ya gari kwamba usukani umekunjwa. Hiyo haina njia ya kupeleka mafuta injini. Na magari kama Passo, stelingi yake ni ya mota ya umeme, hayana mafuta kabisa. Mwezi uliopita kijana mmoja alikuja na Passo akitaka "kumwaga haidroliki." Tulitafuta kikombe wote wawili kwa dakika nzima kabla sijamwambia.

Mwalimu alipita Januari, anatoka Masasi, akataka nimwangalie upepo wa tairi tu. Nikafungua boneti bila kuambiwa. Tepu yangu bado ilikuwa kwenye kikombe, imepauka, na mafuta yalikuwa juu yake kwa unywele. Kwenye buti kulikuwa na chupa ya ATF aliyokuwa akiitembeza tangu Oktoba, kifuniko hakijakatwa. Akaniuzia kwa bei aliyoinunulia.